Kutayarisha nyuma ya pikapu ya barabarani kwa mbio za dragi

Kijana mmoja alituletea Hilux ya zamani gereji, huku Shabab, Nakuru. Injini ilikuwa imebadilishwa, rangi mpya, sauti inasikika kutoka mbali. "Fundi, nataka tuweke turbo," akasema. Nyuma ya godauni tuna kipande cha lami kilichozungushiwa ukuta, nikamwomba aondoke hapo mara moja tu, vile anavyoondoka kwenye laini ya mashindano. Tairi ya kulia ikazunguka na kutoa moshi, ekseli ikadunda mara nne au tano kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, kisha gari ndipo likaanza kwenda. Nikamwambia, "Kijana wangu, hata nguvu uliyo nayo sasa bado haijafika chini. Tuanzie nyuma."

Mwongozo huu ni wa kazi tuliyoifanya baada ya hapo. Unahusu pikapu ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma, yenye ekseli moja nzima na springi za majani, kama Hilux za miaka ya 70 na 80. Gari ambalo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake lenyewe, kama Mark X, lina kazi tofauti kabisa. Usilipimie kwa haya.

Kwanza elewa uzito unavyohama

Mbio za dragi, zile za kuondoka gari limesimama na kwenda mstari mmoja ulionyooka, ni robo maili, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201. Wamarekani hupima pia muda wa futi 60 za kwanza, kama mita 18 hivi, na wana sababu. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa hapo, mara nyingi mwisho wa robo maili imekaribia kuwa mbili. Na katika mita hizo 18 kazi kubwa ni ya tairi na springi za nyuma.

Gari likiondoka, uzito hutoka mbele ukaegemea nyuma. Kiasi chake unaweza kukipiga hesabu kwenye karatasi: chukua uzito wa gari, zidisha kwa kiwango cha kasi kuongezeka wakati wa kuondoka ukilinganisha na mvutano wa dunia, zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, halafu gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Pikapu ya kilo 1,100 pamoja na dereva, ikiondoka kwa nusu ya mvutano wa dunia, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka chini na umbali wa ekseli ukiwa mita 2.6, huhamisha kama kilo 116. Pikapu tupu ni nzito mbele. Kama nyuma ilikuwa na kilo 460, sasa ina karibu 576, na hiyo ndiyo mali yote uliyo nayo ya kushikia lami. Kazi ya springi na vyuma utakavyofunga ni kuufikisha uzito huo kwenye tairi mbili kwa usawa, bila kudunda.

Kupima uzito hakuhitaji mitambo. Nenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani kubwa, umlipe kidogo, upandishe magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Andika. Siku ile ya mizani dereva awe ndani, na tangi liwe na mafuta unayoshindania.

Kagua chuma kabla ya kununua chochote

Toa sanduku la nyuma lote. Najua ni bolti zilizooza na jioni nzima ya kazi, lakini chasisi haikaguliwi kwa kuchungulia. Osha kwa maji ya presha, acha ikauke, kisha pita na nyundo ndogo ukigonga kila sentimita tano. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo huzama. Kagua zaidi pale mkono wa mbele wa springi unaposhikana na chasisi, na pale juu ya ekseli chasisi inapopinda. Pikapu nyingi za huku zimebeba viazi kutoka Molo au mahindi kutoka Kitale kwa miaka mingi, na nyufa za mzigo huanzia hapo hapo.

Baada ya hapo pima kama chasisi imenyooka. Tumia timazi ile ya waashi: iteremshe kutoka bolti ya mbele ya springi ya kulia, weka alama ya chaki sakafuni, fanya hivyo kushoto, kisha kwenye bolti za nyuma. Sogeza gari upime alama zenyewe. Mishazari miwili iwe sawa. Tofauti ikizidi milimita 5, peleka gari linyooshwe kwanza, kwa sababu ukifunga vyuma vipya juu ya chasisi iliyopinda, gari litakwenda upande kila mara na hutajua kwa nini.

Piga picha ya tatizo

Chora mstari wa chaki kwenye difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na mwingine ubavuni mwa springi. Weka simu chini kando ya gari, mbali na njia yake, irekodi kwa mwendo wa polepole, kisha dereva aondoke. Utaona springi ya majani ikijikunja mfano wa herufi S: nusu ya mbele inapanda, nusu ya nyuma inashuka, na pua ya difu inainuka kuelekea sakafu ya gari. Springi inaponyooka ghafla, tairi inaruka. Hiyo ndiyo ile ngumi ya mlangoni, na ndiyo inayovunja shafti za ekseli na kutafuna krosi, yaani viungo, za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi kwenye difu. Video ile itunze. Utailinganisha na ya baadaye, na itakuonyesha ukweli kuliko maneno ya watu waliosimama pembeni.

Njia ya kwanza: kubaki na majani

Kama gari bado linakupeleka kazini, kaa hapa. Sisemi hivi kwa sababu ni rahisi. Njia hii ikifanywa vizuri huwashinda wengi waliokimbilia njia ya pili bila vipimo.

Anza na bushi. Toa zile za mpira zilizochoka upande wa mbele wa springi, weka mpya ngumu. Nyuma, kwenye sheko, kile kishikizo kinachobembea, acha mpira, kwa sababu pale springi inahitaji kubembea. Kisha funga klempu za chuma kwenye nusu ya mbele ya springi, mbili au tatu, zikibana majani yote pamoja. Nusu ya nyuma ilegezwe, majani yaweze kuteleza. Nusu ya mbele ndiyo inayosukuma gari, kwa hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa ngumu kama fimbo.

Halafu vyuma vya traksheni. Ni paipu au skwea tyubu inayofungwa chini ya ekseli kwa yubolti za springi, inaelekea mbele, na ncha yake ina mpira. Ekseli ikitaka kujizungusha, ule mpira unagonga chini ya springi na kuizuia. Urefu ndio siri hapa. Mpira lazima ugonge chini kabisa ya jicho la mbele la springi, kwenye bolti. Ukigonga katikati ya jani, utalipinda jani na tatizo litabaki vile vile. Acha nafasi ya milimita 20 hivi upande wa kushoto. Kulia punguza, hata iwe milimita 8 au 10, kwa sababu mzunguko wa propela hukandamiza tairi ya kushoto na kuinyanyua ya kulia. Ndiyo maana Hilux ya yule kijana ilikuwa ikichoma tairi ya kulia peke yake.

Njia ya pili: lada

Hii ni ya gari ambalo limeacha barabara, au linatembea kidogo sana. Vyuma vyake mafundi huviita lada kwa sababu vina umbo la ngazi: kila kimoja kina paipu mbili zinazoanzia kwenye ekseli, moja juu na moja chini, zikakutana mbele kwenye bolti moja. Ekseli haiwezi tena kujizungusha, na nguvu yote inasukuma gari kupitia ile bolti ya mbele.

Mahali pa bolti ile ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usikubali fundi akwambie "tutaweka pale panapoingia". Chukua mstari kutoka tairi ya nyuma inapogusa lami, uupandishe hadi juu ya ekseli ya mbele kwenye kimo cha kitovu cha uzito. Kwa gari letu, mstari ule ukiwa sentimita 80 mbele ya ekseli ya nyuma una kimo cha kama sentimita 17 kutoka chini. Bolti ikikaa juu ya mstari, nyuma ya gari itainuka wakati wa kuondoka na tairi itakandamizwa kwa nguvu. Ikikaa chini yake, gari litachuchumaa na tairi itashika taratibu. Mimi huchimba matundu matatu kwenye mkono wa mbele, sentimita 15, 18 na 21, nikaanza na la katikati. Lami nzuri na tairi laini, nateremka. Lami yenye vumbi, napanda.

Na vumbi tunalo. Upepo wa mchana unatimua ule udongo laini wa volkano, na kila kiungo cha chuma kwa chuma kisichofunikwa kitalegea kabla ya msimu kuisha. Vishonee vifuniko vya ngozi au mpira.

Vipimo tulivyotumia: paipu isiyo na mshono ya milimita 32, unene wa milimita 3, mikono yote ya pleti ya milimita 6, bolti za milimita 16 zenye alama 10.9 kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote iache dukani. Kati ya reli mbili za chasisi lazima pawe na paipu ya kukatisha, ndiyo inayobeba mikono ya mbele. Ukiifunga kwenye reli bila paipu hiyo, reli zitajipinda. Weka pia chuma cha mshazari kati ya ekseli na lada moja ili ekseli isicheze kushoto na kulia.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote ni kufunga lada na kuacha majani yamekazwa kwenye ekseli kama zamani. Lada inazungukia bolti yake, springi inazungukia jicho lake, na njia hizo mbili hazifanani. Ekseli inakwama kati ya amri mbili. Ukitaka kubaki na majani, ekseli lazima iweze kuteleza juu yake kwenye vishikizo maalumu. La sivyo toa majani, weka koili zilizovishwa kwenye shokapu. Jua pia kwamba lada haipendi gari kulala upande. Kwenye kona na matuta ya barabara ya murramu inajikaza na kupasua mikono yake, kwa hiyo gari la lada usilipelekee watoto shule.

Kuchomelea

Hapa naomba unisikilize vizuri. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka ekseli kwa karakana moja mjini wanichomelee mikono ya lada. Ilirudi imepakwa rangi nyeusi, nikaamini rangi. Katika kuondoka kwa tatu mkono wa kulia uling'oka, ekseli ikageuka, propela ikachomoka kwenye gia na kupiga sakafu mara mbili chini ya miguu ya dereva. Alishuka mzima, nami nikakaa chini kando ya gari, miguu haina nguvu. Tulipogeuza kile kipande tukaona ukweli: ule mchomeleo ulikuwa umekaa juu ya chuma kama unga wa chapati juu ya meza, na chini yake rangi ya zamani ilikuwa bado ipo, haijaungua hata kidogo. Chuma hakikuyeyuka kikaungana. Kilibandikwa tu.

Kwa hiyo: kwaruza kwa grainda hadi chuma king'ae, sentimita tatu kila upande wa kiungo. Tumia vijiti vya kuchomelea vya 7018, na vikaushwe, kwa sababu vikinyonya unyevu mchomeleo hupasuka kwa ndani. Toa shafti, sili na beringi kabla ya kuchomelea paipu ya ekseli. Choma sentimita mbili au tatu, hamia upande wa pili, rudi. Ukichoma mfululizo paipu inapinda kama upinde na shafti zitakula beringi kila mwezi. Usimwagie maji kupoza. Kitovu cha difu kikiwa cha chuma cha kalibu, usikiguse kwa vijiti hivyo. Tangi la mafuta litoke nje ya gari kabisa, betri ifunguliwe, na waya wa arthi ushike karibu na kazi yenyewe ili umeme usipite kwenye beringi.

Mchomeleo usiupake rangi mpaka gari limeondoka mara kumi na umeukagua kwa tochi.

Pembe ya pinioni

Pua ya difu huinuka gari likivuta, kwa hiyo wakati limesimama tunaiinamisha kidogo, ili nguvu ikija propela na pinioni, ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, ziwe karibu mstari mmoja. Pima kwa kipimo cha pembe chenye sumaku, gari likiwa juu ya magurudumu yake na uzito wa dereva ndani. Majani ya kawaida yanataka digrii 5 hadi 7 chini ukilinganisha na propela. Yenye klempu na vyuma vya traksheni, kama 4 au 5. Lada, 2 zinatosha, kwa kuwa hazipindi sana. Marekebisho ni vipande vya chuma vya kabari kati ya springi na ekseli. Ukizidisha, krosi zinapiga kelele na propela inatetemeka mwendo ukipanda.

Shokapu na tairi

Shokapu za nyuma zifungwe karibu na magurudumu iwezekanavyo, ziwe mpya na ngumu kiasi. Mwili wa gari ukiinuka kwa ghafla kisha tairi ikalegea, ongeza ugumu wa kurefuka. Za mbele ni kinyume: zirefuke kwa urahisi ili pua iinuke na uzito uje nyuma, lakini zirudi chini polepole. Shokapu ya mbele iliyokufa si sawa na shokapu laini. Iliyokufa itaacha pua idunde, na kila ikidunda uzito unarudi mbele.

Tairi za nyuma za kawaida za barabarani zishushe hewa hadi PSI 24 hivi, usiende chini ya 20, na ujaze tena kabla ya kurudi nyumbani. Pima hapo hapo uwanjani, tairi zikiwa baridi. Hewa ya Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, na ya Nakuru, karibu mita 1,850, hazilingani, na joto pia halilingani. Urefu huu una jambo lingine: injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu hapa Nakuru. Gari linaloshika lami vizuri kwetu linaweza kuanza kuteleza ukilipeleka Mombasa, hata kama hujagusa kitu. Ukisafiri na gari, safiri na vipande vyako vya kabari na spana.

Hakikisha tairi ina nafasi ya milimita 25 kutoka kwa bodi na kutoka kwa springi, gari likiwa limekandamizwa hadi chini.

Vitu vya kuokoa maisha

Kitanzi cha propela hakina mjadala. Kanuni za NHRA, chama cha dragi cha Marekani kilichoanzishwa 1951, zinataka kitanzi kinachozunguka propela pande zote, cha chuma cha upana usiopungua inchi 2, kama milimita 51, na unene usiopungua robo inchi, kama milimita 6.4, kisichozidi sentimita 15 kutoka krosi ya mbele. Kifunge kwenye chasisi kwa bolti za kupenya. Kama ningekuwa nacho siku ile, propela isingefika sakafuni.

Difu usiichomelee. Najua gereji nyingi hufanya hivyo, gia ndogo za ndani zinaunganishwa kwa dakika ishirini na tairi zote mbili zinavuta. Chuma cha gia kikichomwa hivyo kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka, na kipande kikiingia kati ya kraunwili, ile gia kubwa ya difu, na pinioni, magurudumu ya nyuma yanagandama ukiwa kasini. NHRA wanazipiga marufuku difu hizo. Tafuta difu yenye loki ya kiwandani, au subiri uipate.

Paipu za breki zinazoelekea nyuma zipewe urefu wa kutosha ekseli ikining'inia kabisa, na kebo ya breki ya mkono isipite chini ya lada.

Jaribio la kwanza

Si barabara kuu, hata saa nane za usiku. Ni kosa la jinai, na kuna watu wanaotembea kwa miguu kando ya barabara ile saa zote. Nenda kwenye siku zilizoandaliwa chini ya kibali cha KMSF, shirikisho la michezo ya magari la Kenya, penye ambulansi na zimamoto.

Ondoka ukikanyaga pedali ya mafuta nusu tu, mita 20, mara tatu, na baada ya kila mara ingia chini na tochi. Kisha ondoka kwa nguvu zote, urekodi na simu mahali pale pale pa mwanzo. Tembea ukaangalie alama lamini. Zikiwa mbili na urefu sawa, kazi imekaa. Kwa difu isiyo na loki, ya kulia ikiwa ndefu zaidi au iko peke yake, punguza nafasi ya mpira wa kulia milimita 3, au kwa lada zungusha kirekebishi cha kulia nusu mzunguko, ujaribu tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari.

Kila nati uliyoikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ipige mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokikalia. Baada ya kila kuondoka pitisha tochi. Mstari ukiwa umekatika hata kidogo, gari halirudi kwenye laini mpaka nati ile imefunguliwa, imekaguliwa na kukazwa upya.